Nukta Zile Zilikuwa Nyumba

Katika mtihani wa Jiografia wa kidato cha nne huwa kuna swali la ramani. Kila aliyepita huko analijua. Unapewa kipande cha ramani ya topografia, kipimo chake 1:50,000, unaambiwa upime urefu wa barabara kwa uzi, ueleze mwinuko wa ardhi kwa ile mistari ya kahawia, na mwishowe ueleze aina ya makazi. Kwenye makazi jibu ni moja kati ya matatu: ya kutawanyika, ya mstari, au ya kukusanyika. Mimi niliandika ya kutawanyika, nikatoa sababu zangu za kukariri, nikafunga karatasi nikatoka kwenda kula mihogo. Sikujiuliza hata kidogo kwamba kila nukta nyeusi pale ilikuwa na mlango, na mbele ya mlango palikuwa na mtu amekaa akichambua mboga.

Basi ndugu msomaji, makala hii inahusu nukta hizo. Inahusu pia uongo mmoja nilioutamka kwa kinywa changu, lakini huko tutafika.

Nilipomaliza shule, matokeo yakaja kama yalivyokuja, nikarudi kijijini, wilaya ya Nachingwea, kwa bibi mzaa mama. Nilirudi na begi moja na madaftari matatu ya riwaya. Riwaya yenyewe ilikuwa imekwama sura ya nne. Shujaa wangu, kijana wa mwaka 1960, alitakiwa atoke kwao alfajiri aiwahi treni ya kwenda Mtwara. Sasa atembee kwa saa ngapi? Apite bonde gani? Nilimwuliza bibi, akanijibu, "Si mbali, mume wangu." Kwa bibi hakuna mahali palipo mbali. Nikamwendea mwalimu mmoja mstaafu, aliyenifundisha Jiografia zamani, nikamweleza shida yangu bila aibu. Akaingia ndani, akatoka na karatasi kubwa iliyokunjwa mara nane, pembe yake moja imeliwa na mchwa.

"Chukua," alisema. "Mimi sina kazi nayo tena. Lakini uangalie, hiyo si hadithi."

Sikumwelewa. Nilidhani anaitania riwaya yangu.

Ramani za namna hiyo zilichorwa kutokana na picha zilizopigwa toka angani. Kazi hiyo ilianzwa na idara moja ya Waingereza iliyoundwa mwaka 1946 ili kupima makoloni yao yote, na baada ya Uhuru ikaendelea pamoja na wapimaji wetu wa Dar es Salaam. Karatasi moja inabeba eneo la kama kilomita 27 kwa 27. Sentimita mbili juu ya karatasi ni kilomita moja ya jasho. Picha za karatasi yangu zilipigwa katikati ya miaka ya 1960, wakati bibi alikuwa msichana aliyeolewa karibuni. Nilipoitandaza juu ya mkeka na kuiwekea mawe pembeni isipeperuke, nilitafuta kwanza kijiji chetu, kama mtu anavyojitafuta kwenye picha ya darasa.

Hakimo.

Pale lilipo soko letu, shule, zahanati na ofisi ya mtendaji, pana karatasi nyeupe na alama za vichaka, na njia moja ya miguu iliyochorwa kwa vikato vikato. Lakini ukishuka mabondeni, kule ambako leo tunasema ni porini, huko nukta zimejaa. Tatu hapa, saba pale, kumi na moja zimeufuata mto kama mchwa waliofuata gogo. Nilizihesabu mpaka macho yakauma. Upande wa kaskazini pana mstari mmoja unaopita vilima bila kujali watu, umeandikwa kuwa ni tuta la reli ya zamani. Uzi wangu ulinipa jibu la riwaya: kutoka nukta za bondeni mpaka kwenye tuta ni kilomita 14 kasoro. Shujaa wangu angeamka saa tisa usiku. Nilifurahi, nikaandika kurasa sita usiku uleule kwa kibatari.

Reli hiyo wengi wa rika langu hawaijui, ingawa tunatembea juu yake kila siku kwenda mnadani. Ililetwa na karanga. Mwaka 1946 wataalamu watatu wa Kiingereza walizunguka nchi hii kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakaandika kwamba panafaa kulimwa karanga kwa mamilioni ya ekari ili Uingereza ipate mafuta ya kula baada ya vita. Mwaka uliofuata kazi ikaanza Kongwa, halafu Urambo na kwetu Nachingwea. Treni zikaanza kuja Nachingwea mwaka 1949 kutoka Mkwaya, pale ghuba ya Lindi. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ikafunguliwa 1954. Lakini karanga zenyewe zilikwisha kufa. Januari 1951 serikali yao ilitangaza kuuacha mpango ule, baada ya kupoteza kama pauni milioni 36. Reli ikabaki haina mzigo, ikafungwa 1962, vyuma vikang'olewa. Bibi anakumbuka treni ilivyolia. Anasema walikuwa wakikimbilia kuitazama halafu wakifika wanaikimbia.

Kinachonisumbua katika kisa cha karanga si hasara, pauni zilikuwa zao. Ni ile ndege. Ukiwa juu kule, shamba lililopumzishwa miaka minane linafanana na pori lisilo na mwenyewe. Makaburi hayaonekani. Mwembe wa mahari unafanana na mwembe mwingine wowote. Wajerumani nao, kabla ya hapo, walikuwa na ramani yao ya kipimo cha 1:300,000 iliyochapishwa Berlin, na humo watu wa mahali fulani waliandikwa kwa jina la jumbe wao tu, kana kwamba jumbe alikuwa anaishi peke yake. Kila mtawala alituchora kwa kadiri ya alichokuwa anakitafuta. Hata hivyo, na hapa ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, ni ramani yao hiyohiyo iliyoweka nukta ya nyumba aliyozaliwa mama yangu mkubwa. Sisi wenyewe hatukuiweka popote.

Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 kuishi vijijini ni lazima, si hiari tena. Katika maandishi yake ya 1967 juu ya ujamaa vijijini alikuwa amesema watu washawishiwe, wasilazimishwe. Miaka sita ikabadilisha neno. Kwetu Operesheni ilipita 1974. Bibi huwa hasimulii sana. Anasema tu kwamba ilikuwa wakati mtama umeanza kuinama, kwamba walibeba kinu na mlango, na kwamba mbwa alirudi kule mara tatu.

Sitaki nionekane mtu wa kulaumu tu. Shule niliyosomea ilijengwa kwa sababu ya Operesheni. Kisima kile kile. Mama yangu alizaliwa zahanati, na bibi mwenyewe anasema kwamba angekuwa bondeni siku ile asingepona. Wanaosema vijiji vilikuwa ukatili mtupu mara nyingi ni watu ambao hawajawahi kubebwa kwenye machela usiku kuvuka mto. Wanaosema vilikuwa maendeleo matupu nao hawakuiacha mikorosho nyuma.

Na mikorosho ndiyo habari yenyewe. Mkorosho haubebeki kama mlango. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilitoa tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 zilikuwa kama tani 16,500. Bei mbaya ilichangia, ubwiriunga ulichangia, lakini wazee watakwambia pia kwamba miti ilibaki bondeni na watu wakawa mlimani, na mtu hawezi kupalilia kwa kuwaza. Pori likaimeza. Miaka ilipopita, bei ikapanda, watu wakarudi mabondeni na mapanga kuitafuta. Nani alirudi wapi, akaichukua miti ya nani, hilo ndilo swali ambalo kijijini kwetu haliulizwi mezani.

Nilianza kutembea na ramani. Mwanzoni ilikuwa kwa ajili ya riwaya, nataka mnielewe hivyo. Nilichukua simu yangu inayoonyesha mahali ulipo, nikasoma namba za ramani, nikaenda mpaka simu ikaniambia nimefika. Nikakuta kichuguu na nyani. Sikukuta mahame, sikukuta kitu. Siku tatu hivyo, mpaka yule mwalimu akanicheka akanieleza: ramani ile ya zamani ilihesabu umbo la dunia kwa kipimo kingine, na simu za leo zinahesabu kwa kipimo kingine, na kwa nchi yetu tofauti yao ni karibu mita 300, hasa kuelekea kaskazini na kusini. Niliposogea mita 300, Lo! Miembe minne mikubwa imepangwa kama watu wanaoongea. Chini yake vigae vya mtungi, jiwe la kusagia limepasuka, na mahali ardhi ilipolala vibaya kidogo, mirefu miwili na mmoja mfupi.

Naomba mzikumbuke mita hizo 300. Kati ya nyumba moja na nyingine bondeni mara nyingi hapakuwa na hata mita 200. Maana yake mtu asiyejua hesabu hiyo anaweza kushika ramani ya kweli, akaenda kwa uaminifu, akadai kaburi la babu wa mwenzake.

Sasa nifike kwenye shamba letu. Ni ekari nne za mikorosho. Korosho za shamba hilo ndizo zilizolipa sare zangu, madaftari, nauli, na hata madaftari haya ya riwaya. Siku moja jioni nilikuwa nimeitandaza karatasi uani, nikaweka punje ya mtama juu ya nukta moja ili nisiipoteze, nikagundua punje imekaa shambani kwetu. Nikaweka ya pili. Ya tatu. Punje tano.

"Bibi," nikasema, "shambani kwetu palikuwa na nyumba za nani?"

Bibi hakuacha kupeta. Alipeta mpaka ungo ukawa mtupu. Kisha akaniambia kwamba kabla ya Operesheni pale palikuwa kwa watu fulani, akawataja; kwamba wao walipelekwa kijiji kingine, ng'ambo ya mto, si hiki chetu; na kwamba ardhi ile ilipoangukia kwenye mipaka ya kijiji chetu, kamati ilimgawia yeye na babu, miti ikiwa imo. Miti mingine babu alipanda. Ile mikubwa ya katikati, ambayo ndiyo inayozaa, aliikuta.

"Na ya kwetu?" nikauliza. "Kule tulikotoka?"

"Ya kwetu wanachuma wengine. Nani hajachumiwa?"

Jibu hilo nililitafakari wiki nzima, kwa sababu lina nguvu. Bibi alikuwa anasema kwamba deni linalozunguka kijiji kizima ni kama hakuna deni. Mimi nimekula chako, wewe umekula cha yule, yule amekula changu. Tukianza kulipana tutarudi palepale tumechoka. Kuna busara humo, na amani yetu ya miaka hamsini imesimama juu yake. Lakini duara hilo halikufunga vizuri. Wapo walioacha miti mia wakapewa kichaka. Wapo walioacha kichaka wakapewa miti mia. Sisi, nilipomhoji bibi zaidi, tuliacha mikorosho kama ishirini, tukakuta zaidi ya sitini. Haki ambayo ni sawa kwa wote kwa ujumla tu, lakini ukimshika mmoja mmoja mkono unakuta huyu ana njaa na yule ameshiba, hiyo nashindwa kuiita haki. Ni hesabu ya ndegeni.

Nikasema basi niangalie sheria inasemaje. Tulikuwa na tume ya Rais juu ya mambo ya ardhi, 1991 mpaka 1992, chini ya Profesa Issa Shivji, na ilizunguka nchi nzima ikisikiliza watu, wakiwemo wengi wenye vilio vya Operesheni. Mwaka huohuo wa 1992 ikatungwa sheria ya kufuta haki za kimila za waliohamishwa. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya mzee mmoja na mwanawe waliodai ardhi yao, ikatamka kwamba haki ya kimila ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, ikavifuta baadhi ya vifungu vya sheria ile. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na kifungu chake cha 15 kikasema ugawaji wa ardhi uliofanyika kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977 kwa ajili ya kuwaweka watu vijijini ni halali. Kwa hiyo shamba ni letu. Nilikisoma kifungu hicho nikapumua kama mtu aliyeambiwa uvimbe wake si kitu.

Kupumua huko ndiko kulikonishtua. Kama nilikuwa naamini shamba ni letu, kwa nini nilipumua? Mjomba, aliyekuja kututembelea siku hizo, hakuwa na mashaka ya namna hiyo. Na kwa kabila zetu za kusini mjomba akisema juu ya ardhi amesema. Aliitazama ramani, akaikunja taratibu.

"Ichome," alisema.

"Mjomba, ni karatasi ya jiografia."

"Leo ni jiografia. Korosho ikipanda bei itakuwa panga. Kuna vitu, mwanangu, watu wameamua kuvisahau kwa makusudi. Siyo kwamba hawavijui. Wewe utakuwa nani wa kuwakumbusha?"

Sikuichoma. Niliificha chini ya godoro. Mjomba hakuwa mtu wa dhuluma, nataka niseme hivyo wazi. Alikuwa mtu aliyeona ndugu wakikatana kwa mpaka wa hatua mbili. Alikuwa anauliza swali zito kuliko langu. Je, ukweli una haki ya kusemwa kwa sababu tu ni ukweli? Daktari anaujua ukweli wa mgonjwa, hautangazi sokoni. Mke anaujua wa mumewe. Kijiji nacho labda kinaruhusiwa kuwa na siri yake.

Nilikuwa nimeanza kukubali hivyo, mpaka alipokuja yule kijana.

Ni wa rika langu. Alikuja kwa baiskeli toka ng'ambo ya mto, akamsalimu bibi shikamoo, akakaa kwenye kigoda, akanywa maji yote. Kisha akasema amesikia nina ramani ya zamani, na kwamba bibi yake amekuwa mgonjwa, anaota anaitwa na mama yake, na anataka makaburi ya wazazi wake yafagiwe kabla hajafa. Hakuna aliyebaki kwao anayekumbuka yalipo. Wanajua tu kwamba palikuwa na miembe minne.

Nilimtazama machoni nikamwambia, "Ramani ninayo, lakini eneo hilo limeliwa na mchwa."

Ndugu msomaji, pembe iliyoliwa na mchwa ipo kusini mashariki, kilomita 20 kutoka pale. Bibi alikuwepo, alisikia, hakusema neno. Kijana alishukuru, akapanda baiskeli yake. Usiku huo nilijaribu kuandika sura ya tano. Shujaa wangu alikuwa anawaaga wazazi wake chini ya miembe. Nikaandika mistari kumi, nzuri tu, kisha nikaona ninachofanya. Miembe ile nilikuwa nimewanyima wenyewe nikaitia kwenye hadithi yangu. Kumbe sikuwa nimelinda amani ya kijiji wala ekari nne peke yake. Nilitaka nukta zile ziwe zangu mimi, za riwaya, ambako wafu hawaagizi mtu wa baiskeli.

Hapo ndipo nilipoona kosa katika hoja ya daktari niliyoitoa juu. Daktari anauficha ukweli wa mgonjwa kwa watu wengine. Haufichi kwa mgonjwa mwenyewe akiuomba. Siri ya kijiji ni siri pale wote waliomo wamekubali kuinyamazia, lakini yule kijana na bibi yake hawakuwepo kamati ilipogawa. Walikuwa ng'ambo wanajenga kibanda. Kunyamaza kwao hakukuwa kukubali. Ni kwamba hapakuwa na aliyewauliza.

Na pia nikaona kwamba sheria na mimi tulikuwa tunajibu maswali mawili tofauti. Kifungu cha 15 kinajibu nani alime. Hakisemi nani aambiwe. Nimesoma kwa korosho za miti ambayo mtu mwingine aliichimbia shimo, akaimwagilia, akailinda na mbuzi, na jina lake sikulijua mpaka nilipomaliza shule. Nadhani hata ukibaki na shamba lote, na mimi sijasema tulirudishe, sina ubavu wa kusema hivyo na bibi yangu yu hai analitegemea, huwezi kubaki na jina la mtu mfukoni.

Nilimweleza bibi asubuhi. Nilitegemea ugomvi. Akasema, "Nilikuwa nangoja nione utalala usingizi gani." Tukaenda wote watatu Jumamosi iliyofuata, yeye na mkongojo wake mbele. Hakuhitaji ramani. Mimi niliishika tu kama mtu anayeshika Biblia asiyoisoma. Tulipofika kwenye miembe alisimama kwenye kivuli cha wa pili, akaonyesha kwa mkongojo: hapa baba, hapa mama, na huyu mdogo alikufa kwa surua mwaka ambao treni ziliacha kuja. Kijana alivua viatu. Alifagia kwa tawi la mkorosho mpaka udongo ukawa mwekundu. Bibi akasema maneno yake kwa Kimwera, mengine sikuyaelewa.

Tulipokuwa tunarudi tukapita katikati ya shamba letu, kwa sababu ndiyo njia. Maua ya korosho yalikuwa yameanza. Kijana alikuwa nyuma yangu, na nilipogeuka nimwonyeshe shina la kuruka, nilimwona midomo inacheza. Alikuwa anahesabu. Sijui kama alikuwa anahesabu miti au anasoma dua. Alipoona nimemwona alinyamaza, akatabasamu, nami nikatabasamu, na tukaendelea kutembea kwa adabu kubwa mpaka nyumbani.

Alipokuwa anaondoka aliniomba kopi ya ramani, ya kumwonyesha bibi yake kitandani. Jumatatu nilikwenda mjini Nachingwea nikaitoa, karatasi nne za kuunganisha kwa gundi. Pembeni, kwa kalamu, nikaandika ile hesabu ya mita 300, asije akapotea. Juu ya shamba letu sikuandika kitu.

Mjomba hajaambiwa bado. Atakuja wakati wa kupulizia salfa.